Picha ya mtoto wa kitajiri wa Marekani ya karne ya 18: igeuze kwanza

Swali: "Mtaalamu, salaam. Naishi Pennsylvania. Kwenye mauzo ya vitu vya nyumba ya marehemu nimenunua picha kubwa ya rangi ya mafuta, ya mtoto wa miaka minne hivi. Amevaa gauni la buluu na ameshika kindi mdogo mwenye mnyororo mwembamba. Nyuma kuna karatasi imeandikwa kwa mkono, 'Bibi yetu, 1762'. Muuzaji alisema ni ya Marekani, enzi za ukoloni, mtoto wa familia ya kilodi. Nitajuaje kama ni kweli? Na vanishi imekuwa ya njano, uso umefifia. Naweza kuisafisha mwenyewe nyumbani?"

Jibu:

Nianze na swali la mwisho, maana ndilo la haraka: usiisafishe. Hata ule upangusaji wa "kuondoa vumbi tu" kwa kitambaa kikavu, uache. Sababu zinakuja chini. Kwa sasa isimamishe wima mahali pakavu, uso ukielekea ukutani, mbali na hita na mbali na dirisha.

Kuhusu umri wake na ilikotoka, wengi hukaa mbele ya picha wakimkodolea mtoto usoni. Uso ndio unaodanganya kuliko sehemu zote, kwa kuwa kila fundi aliyepitia picha hiyo ameugusa kidogo. Ushahidi mwingi uko nyuma na kwenye kingo. Unahitaji lensi ya kukuzia mara 10 (ile ya sonara inatosha), tochi ya kawaida, futi, simu yenye kamera nzuri na, ukiipata, tochi ya UV (mwanga usioonekana kwa macho) ya nanomita 365. Zile za bei rahisi za nanomita 395 hutoa mwanga mwingi wa zambarau unaoonekana kwa macho, nao hufunika kile unachokitafuta.

Kabla ya kuigeuza, tumia dakika moja na lensi upande wa mbele. Tazama shavu, kisha sehemu yenye kivuli. Ukiona vitone vya rangi vilivyopangana, hiyo ni chapa ya mashine iliyobandikwa kwenye kanvasi, na habari imeishia hapo. Chapa kama hizi zimeuzwa kwa wingi tangu nusu ya pili ya karne ya 19, na watengenezaji walizoea kupaka vanishi nene juu yake kwa brashi ili ionekane imechorwa. Utaijua kwa sababu michirizi ya vanishi hiyo haifuati umbo la pua wala mikunjo ya nguo. Inapita tu moja kwa moja.

Kama hakuna vitone, igeuze.

Swali la kwanza nyuma ni hili: je, kitambaa unachokiona ndicho kilichochorwa? Picha nyingi za karne ya 18 zimeshabandikiwa kitambaa cha pili kwa nyuma ili kuzipa nguvu, ama kwa gundi ya ngozi iliyochanganywa na unga wa ngano, ama, hasa katika karne ya 20, kwa nta iliyochanganywa na utomvu. Chungulia ukingoni, pale kanvasi inapokunjwa kwenye mbao. Tabaka mbili zitaonekana kama zipo. Kitambaa safi cha nyuma chenye miaka 80 hakikanushi umri wa picha. Kinachosikitisha ni kwamba maandishi ya awali, kama yalikuwepo, yamezikwa katikati. Mafundi waangalifu walikuwa wakiyanakili kwenye kitambaa kipya, na nakala hizo zina makosa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kama kanvasi ni ya asili, iwe kitani, na kiwe kimefumwa kwa mkono. Hesabu nyuzi ndani ya sentimita moja sehemu tano tofauti, mtande na mshindio. Kwenye kitambaa cha mkono hesabu hubadilika, na utakuta uzi mnene hapa, mwembamba pale, na vifundo. Kitambaa cha mashine hutoa hesabu ileile kila mahali. Pamba ni alama ya karne ya 19 na kuendelea. Halafu tazama nyuzi karibu na misumari: kanvasi ilipowambwa kwa mara ya kwanza na kupakwa gundi, kila msumari uliuvuta uzi na kuacha wimbi lililokauka hivyohivyo. Mawimbi yakiwepo pande tatu na upande wa nne ukawa umenyooka kabisa, huenda picha yako imekatwa upande huo. Mtoto anaweza kuwa alikuwa na ndugu pembeni.

Mbao za kuwambia nazo zinasema mengi. Fremu ya ndani ya zamani zaidi ilikuwa haitanuki, pembe zake zimepigiliwa au kugundishwa. Ile yenye vipande vidogo vya mbao kwenye pembe, vya kugongea ili kukaza kanvasi, ilianza kuonekana kuelekea katikati ya karne ya 18 na ikawa ya kawaida baadaye. Ukiikuta usiitupe picha, kwani wanaobandika kitambaa cha pili hubadilisha na mbao. Angalia alama za msumeno: mistari iliyonyooka na kulingana ni ya msumeno wa kwenda juu na chini, ilhali mistari ya upinde ni ya msumeno wa duara, wa karne ya 19. Misumari midogo ya kufuliwa kwa mkono ina vichwa visivyolingana, vyenye pande zilizogongwa na nyundo, na shina lenye pembe nne linalochongoka. Ya duara inayofanana yote ni ya mwishoni mwa karne ya 19 au baada yake. Pini za stepla ni za karne ya 20. Na hapa uangalifu ule ule unahitajika: hesabu pia matundu yasiyo na msumari. Picha yenye stepla ukingoni na matundu ya zamani yenye kutu kando yake imewambwa upya, basi.

Aina ya mbao ni mojawapo ya vitu vichache vinavyoweza kutenganisha Marekani na Uingereza. Wachoraji wa makoloni walitumia sana msonobari mweupe wa Marekani, Waingereza wakatumia msonobari wa Ulaya. Kwa macho huwezi kutofautisha, lakini maabara huhitaji kibanzi kidogo tu chini ya hadubini.

Karatasi yako ya "Bibi yetu, 1762" ipige picha kabla ya jambo lolote, na usiibandue. Tazama wino. Kalamu ya bolipeni haikuuzwa Marekani kabla ya 1945. Karatasi iliyogeuka kahawia na kukatika kama biskuti ina massa ya miti, yaani nusu ya pili ya karne ya 19 au baadaye. Kisha piga hesabu ndogo: mtoto wa miaka minne mwaka 1762 alizaliwa 1758. Mtu wa kumwita bibi hakuwa na umri wa kuandika hadi karibu na mwanzo wa karne ya 19, pengine baadaye sana. Kwa hiyo mwaka huo ni kumbukumbu ya familia, haukuandikwa siku picha ilipokauka. Kumbukumbu za namna hiyo zinaweza kuteleza kizazi kimoja. Kama kuna lebo nyingine, ya duka au mtengeneza fremu, namba ya posta ya tarakimu tano kwenye anwani ni ya 1963 au baada yake, na jina la nchi ilikotengenezwa bidhaa, lililopigwa chapa kwa Kiingereza, ni dalili ya sheria ya forodha iliyoanza kutumika 1891.

Pima ukubwa, bila fremu ya nje. Vipimo vya kanvasi vilikuwa vya biashara, vilivyofuatwa London na makoloni pia, na bei ya mchoraji ilipanda kwa kipimo. Kichwa na mabega kilikuwa inchi 30 kwa 25 (sentimita 76 kwa 63). Kilichofuata ni inchi 36 kwa 28. Mtu hadi magotini, au mtoto mzima aliyesimama, kilikuwa inchi 50 kwa 40 (sentimita 127 kwa 102). Ukipata tofauti ya sentimita moja au mbili, hiyo ni kawaida ya kuwamba upya. Ukipata sentimita 80 kwa 60 kamili, kipimo cha mita cha maduka ya leo, shuku.

Sasa rudi mbele. Zima taa za chumba na uilaze tochi pembeni ya picha, mwanga ukipita karibu sambamba na uso wake. Nyufa za umri halisi hupita kwenye rangi hadi kwenye tabaka la chini lililopakwa kabla ya kuchora, na mara nyingi huacha mistari inayolingana na kingo za mbao za ndani. Nyufa za mduara kama utando wa buibui ni za pigo, mtu aligonga kwa nyuma kwa kiwiko au ngazi. Nyufa za kughushi hupatikana kwa kuviringisha kanvasi au kuipasha moto, nazo hufanana uso mzima na huwa na uchafu wa rangi moja uliosuguliwa ndani yake.

Kwa tochi ya UV, vanishi kuukuu ya utomvu wa miti hung'aa kijani chenye ukungu. Marekebisho yaliyofanywa juu ya vanishi huonekana kama madoa meusi. Usishtuke ukiyaona shavuni na kwenye paji la uso, hapo ndipo yalipo kwenye karibu kila picha. Ukikuta uso mzima ni doa moja jeusi, hapo kuna la kuuliza: mtoto unayemwona huenda alichorwa upya kabisa juu ya mwingine aliyeharibika. Jina la mchoraji likielea juu ya ung'avu wa kijani, limeongezwa baadaye.

Tukija kwenye gauni. Mwaka 1762 buluu ya kawaida ya mchoraji wa koloni ilikuwa buluu ya Prussia, iliyogunduliwa Berlin miaka ya mwanzo ya karne hiyo. Ina nguvu sana, lakini ikichanganywa na nyeupe nyingi ya risasi hupauka kwa mwanga na kugeuka kijivu. Ndiyo maana napenda kuangalia ule ukanda wa sentimita moja uliofichwa na fremu ya nje. Kama gauni ni la kijivu katikati lakini buluu iliyokolea pale fremu ilipofunika, hiyo ni dalili nzuri kweli kweli, maana mghushi haikumbuki. Wekundu wa mashavu uliotengenezwa kwa wadudu wa kokinili hupotea kwa namna hiyohiyo, kwa hiyo uso uliofifia si lazima uwe mchafu. Kupauka huko hakuondolewi kwa kusafisha. Rangi haipo tena.

Mtaalamu mwenye kifaa cha eksirei cha kutambua elementi anaweza kupima bila kukwangua. Nyeupe ya risasi inatarajiwa. Titani ni ya baada ya 1920 hivi, na ultramarini ya kiwandani ni ya baada ya 1828, ingawa hii haitambuliki kwa elementi na inahitaji hadubini. Jambo la muhimu ni mahali pa kipimo. Titani kwenye kiraka cha tundu lililozibwa haina neno, ila ikiwa kwenye tabaka la chini kabisa inaimaliza kesi. Na kuna mtego mmoja: kobalti. Buluu ya kobalti ni ya 1802, hivyo wengine wakiiona elementi hiyo huhukumu papo hapo. Lakini buluu ya zamani ya kioo kilichosagwa, iliyotumika karne kadhaa kabla, nayo ina kobalti. Chini ya hadubini chembe zake ni vipande vya kioo vyenye ncha, na hapo tofauti huonekana.

Je, ni "bibi"? Huenda ni babu. Watoto wa kiume walivaa gauni kama dada zao hadi walipovalishwa suruali fupi ya kwanza, kati ya miaka minne na saba kwa familia nyingi. Mjukuu wa mchoraji Joseph Badger wa Boston, aliyechorwa 1760 akiwa na miaka mitatu na ambaye sasa yumo Metropolitan Museum, New York, amevaa gauni, naye ni James. Vizazi vya baadaye, visivyojua desturi hiyo, viliwageuza wavulana wengi kuwa mashangazi. Tazama kifua: kiwiliwili kigumu kinachofungwa mgongoni, kinachochongoka kiunoni, huelekea kwa msichana, na vifungo vya mbele huelekea kwa mvulana. Msichana huwa na kofia ya kitani, ua au tunda. Mvulana hupewa ngoma, kiboko cha kuchapia, upinde, kofia iliyoshikwa chini ya kwapa. Mikanda ya kitambaa inayoning'inia mabegani ni ya kumshikia mtoto anapojifunza kutembea, na ilivaliwa na wote wawili. Alama hizi ni za kupima kwa pamoja, hakuna iliyo amri.

Kindi ndiye aliyenifurahisha katika swali lako. Kufuga kindi kwa mnyororo wa dhahabu lilikuwa jambo la watoto wa kitajiri, na pia ishara ya malezi: mtoto anayemfundisha mnyama mkaidi ustahimilivu naye amefundishika. John Singleton Copley wa Boston alimtumia zaidi ya mara moja. Mwaka 1765 alimchora mdogo wake wa mama mmoja, Henry Pelham, akicheza na kindi mezani, kisha akaipeleka picha hiyo kwenye maonyesho ya London ya 1766, ambako mchoraji mashuhuri wa Kiingereza Joshua Reynolds aliisifu na pia kuilaumu kwa ukavu wa mistari. Iko Museum of Fine Arts, Boston. Inasimuliwa kwamba picha ilifika bila jina lake, na Benjamin West, mchoraji Mmarekani aliyeishi London, akatambua kuwa mchoraji ni Mmarekani kwa vitu viwili, mbao za msonobari za kuwambia na yule kindi, ambaye ni kindi anayeruka wa Amerika Kaskazini. Mwaka 1771 Copley akamchora Daniel Crommelin Verplanck wa New York, miaka tisa, na kindi mwingine mwenye mnyororo.

Basi mtazame kindi wako kwa lensi kama mtu wa mifugo. Mwekundu mwenye vishungi vya manyoya juu ya masikio ni wa Ulaya. Wa kijivu asiye na vishungi ni wa Amerika, naye aliachiwa porini Uingereza mara ya kwanza inayojulikana mwaka 1876. Mwenye macho makubwa meusi na ngozi iliyolegea ubavuni ni yule anayeruka. Kindi mwekundu mwenye vishungi akiwa mkononi mwa mtoto anayedaiwa kuwa wa Philadelphia ananitia mashaka, ingawa kuna maelezo mengine: mchoraji anaweza kuwa amemnakili kutoka kwenye chapa.

Na walinakili kweli, bila aibu. Makoloni hayakuwa na malodi, ila mmoja mmoja sana. "Mtoto wa kilodi" wa Marekani alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa Boston au New York, wa mwenye mashamba makubwa ya bonde la Hudson, au wa mwenye mashamba ya watumwa Maryland, Virginia na Carolina. Baba alitaka mwanawe aonekane kama wa lodi, na mchoraji ambaye hajawahi kumwona lodi alifungua mfuko wa chapa za mezotinti (picha zilizochapwa kwa bamba la shaba) kutoka London. Ile picha ya mvulana wa ukoo wa De Peyster akiwa na mnyama paa, iliyochorwa New York miaka ya 1730 hivi, imefuata chapa ya John Smith ya 1695 iliyotokana na mchoro wa Godfrey Kneller wa watoto wa lodi wa Kiingereza. Paa na mkao ni vya Kneller. Uso tu ndio wa New York. Kwa hiyo nguzo za mawe, bustani ya chemchemi na pazia jekundu nyuma ya mtoto wako havisemi lolote kuhusu nyumba yake. Chukua jioni moja kupekua mezotinti kwenye mtandao wa British Museum. Ukipata mkao huohuo umegeuzwa kulia kushoto, umepata chanzo, na picha yako haiwezi kuwa ya kabla ya chapa hiyo.

Lipo jambo jingine la kuangalia, nalo ndilo sababu yangu kubwa ya kukuzuia usiguse kitu. Utajiri huo ulikuwa na watu nyuma yake, na mara nyingine wamo ndani ya picha. Mabinti wawili wa Isaac Royall, Mary na Elizabeth, ambao Copley aliwachora karibu na 1758 wakiwa na mbwa na ndege mvumaji, walivalishwa hariri kwa fedha ya mashamba ya miwa ya Antigua. Nyumba yao iko bado Medford, Massachusetts, na jengo walimoishi watumwa limesimama kando yake. Mapema zaidi, karibu na 1710, Justus Engelhardt Kühn, Mjerumani aliyehamia Maryland, alimchora Henry Darnall wa tatu akiwa na upinde na mshale. Nyuma yake, chini kidogo, amesimama mtoto Mwafrika mtumwa ameshika ndege aliyewindwa, shingoni ana kola ya fedha. Inahesabiwa kuwa miongoni mwa picha za mafuta za mwanzo kabisa za makoloni kumwonyesha Mwafrika. Iko Baltimore, katika Maryland Center for History and Culture, si mbali na ulipo. Ukienda, simama upande wa kushoto usogee karibu na ile kola. Mchoraji ameipa mng'ao uleule alioupa vitu vya thamani vya bwana mdogo.

Watu kama yule mtoto wamefutwa kwenye baadhi ya picha na wamiliki wa baadaye. Mfano unaojulikana zaidi ni wa karne iliyofuata: picha ya Louisiana ya 1837 hivi, inayohusishwa na Jacques Amans, ya watoto watatu wa familia ya Frey. Nyuma yao alisimama Bélizaire, kijana mtumwa. Karibu na mwanzo wa karne ya 20 alipakwa rangi ya mandhari akapotea, hadi usafishaji wa kitaalamu wa 2005 ulipomrudisha. Metropolitan Museum iliinunua picha hiyo 2023. Kwa hiyo ukiona nyuma ya mtoto wako eneo la kichaka au kivuli ambalo chini ya UV ni jeusi kuliko kichaka kilicho jirani yake, au ambalo kwa mwanga wa pembeni linaonyesha mikunjo ya brashi isiyolingana na majani, weka alama kwenye picha ya simu na umwombe mtaalamu apige eksirei na infraredi kabla ya kugusa vanishi.

Kusafisha nyumbani. Viazi mbichi, kitunguu, mkate, mate, sabuni ya vyombo, baking soda, mafuta ya zeituni: yote hayo yameshatumika, na athari zake hurekebishwa kwa gharama kubwa. Chini ya rangi kuna gundi ya ngozi. Maji yakiingia kwenye nyufa, gundi huvimba na kulainika, kitani hunywea, na rangi isiyoweza kunywea pamoja nacho hubanduka kama magamba. Mkate huacha chembe ndani ya nyufa, wakaja wadudu na ukungu. Mafuta huipa picha uzuri wa wiki chache, kisha hukauka kuwa utando wa njano ambao baada ya miaka haukubali kutoka bila kung'oa rangi. Spiriti huondoa vanishi, ndiyo, lakini vivuli vyepesi vya uso vilivyopakwa mwisho vilichanganywa wakati mwingine na utomvu uleule, navyo huondoka nayo. Unabaki na mtoto mwenye uso wa chaki. Kitambaa kikavu nacho hung'oa kingo za nyufa zilizoinuka, na nyuzi zake hunasa humo. Mhifadhi wa picha hujaribu vimiminika kwa kijiti cha pamba kwenye eneo dogo, akiangalia kwa hadubini kila pamba inarudi na rangi gani. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Tena rangi hizi zina risasi, kwa hiyo usikwangue, usipige msasa, na nawa mikono baada ya kuishika.

Kuhusu jina la mchoraji, uwe na subira. Wengi hawakutia sahihi. Joseph Blackburn alitia mara nyingi, Copley mara moja moja, Badger na John Wollaston kwa nadra. Baada ya sherehe za miaka mia ya taifa mwaka 1876 na hasa miaka ya 1920, soko lilitaka mababu wa kikoloni kuliko walivyokuwepo, na picha nyingi za Kiingereza zilivalishwa majina ya Kimarekani pamoja na historia za familia zilizotungwa. Makusanyo ya Thomas B. Clarke, yaliyonunuliwa 1936 na kuingia baadaye National Gallery of Art, Washington, yalikutwa na nyingi za namna hiyo. Sahihi kubwa safi pembeni chini huniongezea mashaka. Tafuta badala yake mnyororo wa umiliki: nani alikufa katika nyumba uliyonunulia, wosia wake na orodha ya mali mahakamani kwenye kaunti, nyumba ya wazazi wake. Orodha za mirathi za karne ya 18 huandika picha za familia kwa mstari mmoja na thamani ndogo, lakini mstari huo unatosha.

Picha zako za simu (mbele, nyuma, kingo nne, lebo, kindi, na zile za UV) zitume kwa National Portrait Gallery ya Smithsonian, yenye rejesta kubwa ya picha za watu wa Marekani. Mhifadhi mtafute kupitia orodha ya American Institute for Conservation. Jirani zako Delaware, makumbusho ya Winterthur na chuo kikuu cha jimbo hilo hufundisha kazi hii. Mthamini wa bei awe mtu mwingine kabisa, asiyetaka kuinunua.

Kuisafirisha, usizungushie plastiki ya mapovu moja kwa moja, kwani huacha duara kwenye vanishi. Weka kadibodi nene mbele na nyuma, zisiguse rangi, na pembe za kadibodi. Ndani ya gari isimame wima. Ukisubiri miadi, unyevu wa asilimia 45 hadi 55 unafaa. Nyumba ya Pennsylvania wakati wa baridi, hita ikiwaka, inaweza kushuka hadi 20, na hapo ndipo rangi iliyolegea huanguka, kwa hiyo iweke chumba kisicho na hita nyingi, ukuta wa ndani, mbali na bomba na jiko la kuni.

Mhifadhi akishaiona, mwombe kwa maandishi atakachokifanya, atakachokitumia, na picha za kabla, katikati na baada. Mwambie pia kwamba mbao, misumari na lebo zozote zitakazotolewa zitiwe kwenye bahasha yenye tarehe na zirudi kwako pamoja na picha, hata kama zimeoza.